Bima ndogo ya gari inatosha? Jinsi ya kupima kabla ya kulipa

Bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo, haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili ya atakayegongwa. Massachusetts ilipoanza kuilazimisha mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1930, shida ilikuwa moja: mtu anagongwa, anashinda kesi, halafu dereva aliyemgonga hana kitu cha kumlipa. Hukumu inabaki karatasi. Bima ya lazima ilikuja kuziba pengo hilo, na kazi yake haijabadilika sana tangu hapo.

Kwa hiyo anayeuliza kama bima ndogo inatosha anauliza maswali mawili kwa pamoja. Gari langu likiharibika au likiibwa, nitasimama vipi? Na nikimuumiza mtu au kuharibu mali yake, kiwango kilichoandikwa kwenye hati kitafika? Wengi huhangaika na la kwanza, kwa sababu gari wanaliona kila asubuhi. La pili ndilo linaloweza kuuza nyumba. Hasara ya gari lako ina mwisho: haiwezi kuzidi thamani ya gari. Deni la kumjeruhi mtu hakuna anayejua litaishia wapi mpaka daktari na hakimu wamalize kazi zao.

Inalipa nini, na inaacha nini

Mkataba wa bima una pande mbili, wewe na kampuni. Kila aliye nje ya pande hizo ni mtu wa tatu: mtembea kwa miguu, dereva wa gari lingine, mwenye ukuta ulioubomoa. Bima ndogo inalipa madhara uliyomsababishia huyo, ya mwili na ya mali, mpaka kikomo kilichoandikwa. Gharama za wakili wa kukutetea mara nyingi zimo pia, lakini angalia kama zinakatwa ndani ya kikomo au ziko pembeni, maana zikikatwa ndani, kesi ndefu inakula fidia ya majeruhi.

Vinavyoachwa ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Gari lako halimo. Matibabu yako wewe uliyekuwa kwenye usukani hayamo, na hili huwashtua watu zaidi ya lile la gari. Ukirudi nyuma ukagonga geti lako mwenyewe, au gari la pili lililoandikishwa kwa jina lako, hakuna mtu wa tatu hapo, kwa hiyo hakuna malipo. Mzigo wa mteja uliokuwa ndani ya gari lako nao kwa kawaida hauhesabiwi mali ya mtu wa tatu, kwa sababu ulikuwa mikononi mwako.

Abiria ni habari nyingine. Nchi nyingine zinawaweka ndani ya bima ya lazima, nyingine zinataka walipiwe nyongeza, na kuna hati zinazowatoa ndugu wa nyumba moja na dereva. Usikisie. Tafuta neno "abiria" kwenye hati, soma aya nzima, kisha soma na orodha ya visivyolipwa iliyoko kurasa za nyuma. Aya ya mbele inatoa, ya nyuma inanyang'anya.

Halafu kuna yule atakayekugonga wewe. Akiwa na bima halali na kosa likawa lake, bima yake ndiyo itakayokulipa. Akikimbia, au akiwa hana bima kabisa, bima yako ndogo haikusaidii chochote. Uingereza ina mfuko wa pamoja wa kampuni za bima, ulioanzishwa mwaka 1946, unaowalipa waliogongwa na madereva wasio na bima au wasiojulikana. Marekani kuna kipengele cha kununua kwa ajili ya dereva asiye na bima. Usipokuwa na mfuko wala kipengele cha namna hiyo, bima kubwa, ile inayolipa na hasara ya gari lako mwenyewe, ndiyo kinga pekee ya gari lako dhidi ya uzembe wa mwingine.

Soma kikomo kabla ya bei

Kiwango cha chini kinapangwa na sheria, na sheria hubadilika polepole kuliko bei za hospitali na spea. California ilikaa na viwango vyake kwa zaidi ya miaka 50 kabla ya kuvipandisha tarehe 1 Januari 2025. Kenya, kikomo cha lazima kwa mtu mmoja aliyejeruhiwa au kufa ni shilingi milioni 3, na hukumu ikizidi hapo, kilichozidi ni cha dereva na mwenye gari. Uingereza haikuweka kikomo kwa majeruhi. Kwa hiyo "bima ndogo" ya mahali pamoja na ya mahali pengine ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama stika zinafanana.

Tazama jinsi kikomo kinavyofanya kazi kwa mfano wa California. Hati ya kiwango cha chini inaandikwa 30/60/15, kwa maelfu ya dola: 30 kwa kila majeruhi, 60 kwa majeruhi wote wa ajali moja, 15 kwa mali. Chukua dereva aliyechelewa kushika breki kwenye foleni. Amegonga gari la mbele, nalo limesukumwa likagonga la tatu. Majeruhi watatu wana madai ya dola 25,000, 40,000 na 10,000. Wa pili anakatwa pale pale, kwa sababu mtu mmoja hapiti 30,000. Jumla sasa ni 65,000, lakini ajali nzima haipiti 60,000. Madai yalikuwa 75,000, kampuni inatoa 60,000, na 15,000 inabaki. Geukia mali: gari la kwanza linahitaji 22,000, la pili 6,000, jumla 28,000. Kikomo cha mali ni 15,000, inabaki 13,000. Dereva huyu ana bima halali, amelipa kwa wakati, hajavunja sharti lolote, na bado anadaiwa dola 28,000 kutoka mfukoni. Hiyo ni ajali ya foleni, ya mwendo mdogo, isiyoua mtu.

Mtu akifa hesabu inabadilika sura. Mahakama nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza hukadiria hivi: kipato cha mwaka cha marehemu, mara sehemu aliyokuwa akiwatunzia wategemezi, mara idadi ya miaka ambayo angeendelea kuwatunza. Aliyekuwa akipata shilingi laki 8 kwa mwezi anafika milioni 9.6 kwa mwaka. Theluthi mbili yake ni milioni 6.4. Kwa miaka 15 ni milioni 96, kabla ya gharama za matibabu, mazishi na wakili. Linganisha tarakimu hiyo na kikomo cha hati yako.

Upande wa mali nao umepanda kimya kimya. Zamani bampa lilikuwa kipande cha chuma. Likipinda, fundi analinyoosha na kupiga rangi. Siku hizi nyuma ya bampa la plastiki kuna sponji ya kufyonza mshtuko, vihisi vya kuegeshea, mara nyingi na rada ya breki za dharura, na nyaya za vyote hivyo. Nyuma yake kidogo ipo kondensa ya eya kondishena, kisha redieta. Kioo cha mbele chenye kamera kikibadilishwa, kamera inatakiwa ipangwe upya kwa kifaa maalumu, la sivyo inasoma mstari wa barabara vibaya. Taa moja ya mbele ya LED inauzwa nzima, haifunguliwi kubadilisha balbu. Kugusa tu gari la namna hiyo kunaweza kuleta bili ambayo miaka 20 iliyopita ingekuwa ya gari zima bovu.

Kwa hiyo la kumuuliza wakala kwanza ni hili: kuongeza kikomo cha mtu wa tatu kunanigharimu kiasi gani? Aghalabu kupandisha kikomo mara mbili hakupandishi ada mara mbili, kwa kuwa ajali nyingi ni ndogo na zinaishia kwenye tabaka la chini la fidia. Kwa maoni yetu, hapa ndipo fedha ya bima inapofanya kazi zaidi, na ndipo watu wanapoinunua kidogo zaidi. Mwenye gari kuukuu, nyumba na biashara hahitaji sana bima kubwa ya gari hilo. Anahitaji kikomo kikubwa, kwa sababu ana mali za kukamatwa.

Namna ya kupata kiasi cha kulenga: jumlisha ulicho nacho ambacho mahakama inaweza kukigusa, yaani nyumba, kiwanja, akiba, mtaji wa biashara, na mshahara wa miaka michache ijayo. Kikomo kisiwe chini ya hapo. Mwenye mali kidogo sana anaweza kukaa na kiwango cha sheria bila kuhatarisha mengi ya kwake, ingawa majeruhi wake ndiye atakayebaki na pengo.

Upande wa gari lako: hesabu ya dakika kumi

Hapa unahitaji tarakimu nne. Bei ya soko ya gari lako leo, yaani lingenunuliwa bei gani wiki hii likiwa na kilomita ilizonazo. Ada ya bima ndogo. Ada ya bima kubwa. Na ekses, kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe kila unapodai.

Tuseme gari ni la milioni 8, bima ndogo laki 1, bima kubwa laki 4, ekses laki 5. Tofauti ya ada ni laki 3 kwa mwaka. Gari likiisha kabisa utapokea milioni 7.5. Laki 3 ni asilimia 4 ya hizo. Sasa jiulize swali ambalo kikokotoo hakilijui: gari likiungua kesho, una milioni 8 za kununua lingine bila kukopa na bila kugusa ada za watoto? Kama huna, na gari ndilo linalokupeleka kazini, chukua bima kubwa.

Chukua sasa gari la milioni 2.5. Kampuni nyingi zina ada ya chini ya bima kubwa ambayo haishuki hata gari likishuka thamani, kwa hiyo hapa tofauti inaweza kubaki laki 2, na ekses ikabaki laki 5 zilezile. Kikubwa kabisa utakachopata ni milioni 2, na unakilipia asilimia 10 kila mwaka. Ukigonga ukavunja bampa na taa za laki 6, unapokea laki 1, na hapo hapo unapoteza punguzo wanalopewa wasiodai kwenye ada ya mwaka unaofuata. Kwa gari la namna hii, tofauti ikifika kama asilimia 10 ya kile ambacho ungelipwa, bima ndogo yenye kikomo kilichoongezwa ina akili zaidi. Zile laki 2 ziweke pembeni kila mwaka, kwenye akaunti isiyo na kadi ya kutolea.

Gari la mkopo halina mjadala: mkopeshaji atadai bima kubwa mpaka deni liishe, na jina lake litaandikwa kwenye hati kama mnufaika wa kwanza. Ila kumbuka kwamba bima inalipa thamani ya gari, hailipi deni. Gari jipya hushuka thamani haraka miezi ya mwanzo kuliko mkopo unavyopungua, kwa hiyo likiibwa mwaka wa kwanza unaweza kulipwa chini ya unachodaiwa. Kuna nyongeza ya kuziba pengo hilo. Kama malipo yako ya awali yalikuwa madogo, iulizie.

Kati ya ndogo na kubwa

Kampuni nyingi zinauza bima ya katikati: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Inamfaa ambaye gari lake linalala nje, ana mwendo mdogo wa siku, na anaweza kumudu gharama za gereji lakini hawezi kumudu kupoteza gari zima. Hailipi mgongano, kupinduka, wala kioo kilichopasuka. Kwenye wizi soma maneno yenyewe: hati nyingine zinalipa gari zima likiibwa, hazilipi taa, vioo vya pembeni au redio vikichomolewa. Nyingi pia zinakataa dai kama funguo ziliachwa ndani, hata kama ni kwa dakika moja mbele ya duka.

Dereva anayeendesha sana na bima ndogo aongeze angalau bima ya ajali binafsi ya dereva. Ni nyongeza ya bei ndogo, inalipa kifo, ulemavu na sehemu ya matibabu bila kuuliza kosa lilikuwa la nani.

Bima kubwa nayo ina mitego

Mtego mkubwa ni thamani iliyoandikishwa. Watu huandika gari chini ya thamani yake ili ada ipungue, kisha wanakutana na kanuni ya uwiano. Gari la milioni 20 limeandikishwa milioni 12. Linagongwa, matengenezo ni milioni 5. Kampuni inasema: umelipia sehemu 12 kwa 20, nasi tunalipa sehemu hiyohiyo. Milioni 5 mara 12 gawa kwa 20 ni milioni 3, toa ekses ya laki 5, unapata milioni 2.5. Nusu ya bili inabaki kwako, na bado ulikuwa unalipa bima kubwa. Kuandika juu ya thamani hakusaidii pia: gari likiisha unalipwa bei ya soko, na ada ya ziada imekwenda. Fanya tathmini kila unapohuisha, hasa bei za magari zinapopanda. Thamani ya mwaka juzi inakuingiza kwenye mtego huu bila hata wewe kutaka.

Ekses si moja. Ipo ya kawaida, ipo ya asilimia ya dai yenye kiwango cha chini, ipo ya wizi kwa gari lisilo na kifaa cha kulifuatilia, ipo ya ziada kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya. Zinaweza kujumlishwa kwenye dai moja. Waulize wakuandikie: "Kijana wangu wa miaka 21 akigonga na gari hili, jumla nitakayolipa mwenyewe ni kiasi gani?" Jibu la mdomo halina thamani siku ya dai.

Mafuriko yanastahili aya yake. Bima kubwa nyingi zinalipa gari lililozama. Zinapokataa, mara nyingi ni kwa ajili ya injini, kwa sababu dereva alijaribu kuwasha. Maji yakishaingia kwenye silinda kupitia kichujio cha hewa, hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Pistoni inapopanda inakutana na ukuta, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaoisukuma pistoni. Kampuni itasema maji hayakuua injini, ufunguo ndio ulioiua. Gari likizimika majini, au likikutwa limezama limeegeshwa, liache. Likiwa mahali salama pa kufikika, chomoa waya hasi wa betri, piga picha alama ya maji kwenye viti na milango, na ita gari la kuvuta.

Vinavyofuta bima, ndogo na kubwa

Matumizi yasiyolingana na hati ndiyo yanayoongoza. Gari limeandikishwa la binafsi, jioni linabeba abiria wa programu ya simu au mizigo ya kulipwa. Kwa kampuni, hiyo ni hatari nyingine yenye ada nyingine. Ukitaka kufanya kazi hiyo hata siku mbili kwa wiki, omba hati ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza.

Leseni iliyokwisha muda au isiyo ya daraja la gari hilo. Pombe. Abiria au mzigo kuzidi uwezo. Dereva ambaye hati haimruhusu. Hati nyingine zinaruhusu waliotajwa majina tu. Gari lililobadilishwa injini au kuwekewa mfumo wa kutumia gesi bila kampuni kuarifiwa. Ada inayolipwa kwa mafungu, fungu moja likapita tarehe.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wa bima ndogo hawalijui. Kwenye nchi nyingi, ukivunja sharti, kampuni bado inalazimishwa na sheria kumlipa majeruhi, kwa sababu yeye hakuvunja kitu. Kisha inageuka na kukudai wewe fedha yote. Kwa hiyo mlevi mwenye stika halali na asiye na stika kabisa wanaweza kuishia mahali pamoja.

Stika bandia ni janga jingine. Ishara za kawaida: wakala anataka fedha taslimu bila risiti, bei iko chini sana ya zote ulizosikia, stika inaletwa ndani ya dakika tano bila kuulizwa kadi ya gari. Usiangalie uzuri wa karatasi. Ingiza namba ya stika au ya gari kwenye mfumo wa uhakiki wa mamlaka ya bima wa nchi yako, na hakikisha vitu vinne vinafanana: namba ya gari, namba ya chesesi, jina la kampuni, tarehe ya kuanza na kuisha. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kabla wakala hajaondoka.

Ukivuka mpaka, bima yako inaweza kuishia getini. Nchi za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, zina Kadi ya Njano, na Ulaya ina Kadi ya Kijani; zote zinabeba dhima yako kwa mtu wa tatu kwa viwango vya nchi unayoingia. Hazibebi gari lako. Mwenye bima kubwa anayesafiri nje aombe kampuni yake ipanue eneo kwa maandishi, na angalie kama gharama ya kulivuta gari kurudi nyumbani imo.

Siku ya ajali

Ukiwa na bima ya aina yoyote, dakika 20 za mwanzo ndizo zinazoamua dai litakwendaje.

1. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma umbali wa kutosha ili gari la kasi liione mapema, hudumia majeruhi, ita msaada.
2. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: pembe nne za kila gari, namba zake, alama za matairi barabarani, vibao na taa za barabarani, na picha moja ya mbali inayoonyesha yote pamoja. Hii ya mbali ndiyo watu wanayosahau, na ndiyo inayoonyesha nani alikuwa upande gani.
3. Piga picha stika ya bima na leseni ya dereva mwingine. Akikataa, namba ya gari inatosha kuanzia.
4. Chukua jina na simu za shahidi asiyehusika na upande wowote.
5. Toa taarifa polisi na uchukue namba ya taarifa, hata kama mmekubaliana.
6. Iarifu kampuni ndani ya muda uliomo kwenye hati, kwa maandishi, hata kama huna nia ya kudai.

Usikubali kosa, usiahidi kulipa, usisaini makubaliano ya kando. Pole toa, msaada toa, lakini neno "mimi ndiye niliyekosa" linaweza kuipa kampuni sababu ya kujiondoa, kwa kuwa hati nyingi zinakataza kukiri dhima bila idhini yake. Na usitengeneze gari kabla mkaguzi wa hasara hajaliona. Fundi akishafungua, ushahidi umekwenda, na spea zilizovunjika usizitupe mpaka dai lilipwe.

Mwenye bima ndogo aliyegongwa na mwingine anadai kwa kampuni ya aliyemgonga. Peleka ripoti ya polisi, picha, makadirio ya gereji mbili, kadi ya gari na leseni. Omba pia gharama ya usafiri wa siku ambazo gari lilikuwa gereji. Sehemu nyingi inadaiwa kihalali, na hakuna atakayekukumbusha. Kabla ya kusaini fomu ya kupokea fidia soma kama inasema "malipo ya mwisho na kamili". Ukisaini hiyo shingo ikaanza kuuma wiki ya tatu, mlango umefungwa. Malipo ya gari na malipo ya mwili yasainiwe kwa fomu tofauti.

Unapolinganisha bei za kampuni

Wape wote maelezo yaleyale, kwa maandishi, na uwaambie wakupe bei kwa kikomo kilekile cha mtu wa tatu na ekses ileile. Bila hivyo unalinganisha maji na mafuta. Wenye bima kubwa wajaribu njia hii: pandisha ekses kutoka laki 3 hadi laki 6, uone ada inashuka kiasi gani, kisha tumia kilichookolewa kuongeza kikomo cha mtu wa tatu. Unakuwa umejibebea mikwaruzo midogo na kuipa kampuni hasara kubwa. Sharti lake ni kwamba hizo laki 6 uwe nazo kweli, zimekaa mahali.

Mwisho, ukiuza gari, rudisha stika au iarifu kampuni siku ya makabidhiano, chukua nakala ya mkataba wenye tarehe na saa, na sukuma uhamisho wa umiliki usichelewe. Mnunuzi akigonga mtu jioni hiyo kadi ikiwa bado ina jina lako, barua ya madai itakuja kwako.